Nyumba ya Pombe: Uingereza na Kwetu

(Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima, Ngara na Biharamulo)

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwandishi wa kikundi ana daftari yake tayari. Somo la leo limetokana na barua. Kikundi kimoja cha upande wa Nyakahura kimesikia kwamba Waingereza huzipenda sana nyumba zao za pombe, hata huziandikia vitabu. Kinauliza: je, pombe yao ina nini kuliko rubisi yetu?

Najua wako watakaoshangaa kumsikia ofisa elimu akifundisha habari za pombe. Sikuja kumsifu mlevi. Nataka tuchunguze kwa nini watu huipenda nyumba moja wakaipita ya pili iliyo jirani yake, ingawa pombe ni ile ile na bei ni ile ile.

Tuanze na jina. Waingereza huiita pabu, yaani nyumba ya watu wote. Hapo kale ilikuwa nyumba ya kawaida tu, na mara nyingi mwenyewe alikuwa mwanamke aliyejua kupika pombe. Ikiiva, aliweka alama nje ili wapita njia wajue. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru wauza pombe watundike alama milangoni, wapimaji wa pombe wapate kuwatambua. Kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, ilichorwa picha: simba mwekundu, kulungu mweupe, kengele. Ndiyo maana hata leo pabu nyingi huitwa Red Lion au White Hart. Kwetu kibao hakihitajiki sana, maana harufu ya ndizi mbivu hufika barabarani kabla mtu hajauliza.

Sisi tunasema kilabu, na neno hilo lina kichekesho chake. Limetoka kwa Waingereza wenyewe. Wakati wa utawala wao walijijengea vilabu vyao, ambamo Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia. Neno likatoka nje likaenda kukaa kwenye mabanda ya pombe ya kienyeji, na huko likapata watu wengi zaidi.

Sasa niwaeleze pabu moja ambayo Waingereza wengi huipenda. Iko katika kijiji cha Bretforton, na jina lake ni Fleece, yaani manyoya ya kondoo. Ilijengwa ikiwa nyumba ya mkulima, yapata miaka 600 iliyopita, ikapata leseni ya pombe mwaka 1848. Ilikaa mikononi mwa ukoo mmoja muda wote huo, mpaka kwa bibi mmoja aitwaye Lola Taplin, aliyefariki mwaka 1977. Katika wosia wake aliiachia jumuiya ya Kiingereza inayotunza majumba ya kale, ili isibadilishwe. Hakutaka hata viazi vya kukaanga viuzwe mle ndani! Mbele ya meko mna miviringo iliyochorwa kwa rangi nyeupe. Kazi yake ni kuwazuia wachawi wasiingie kwa njia ya dohani. Mnacheka? Basi msidhani kwamba mambo hayo ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 2004 paa lake la nyasi liliungua. Wakaijenga tena ilivyokuwa, ikafunguliwa mwaka uliofuata.

Angalieni kinachopendwa hapo. Ni meko, viti vya kale, na kujua kwamba aliyekaa pale kabla yako alikuwa babu wa jirani yako. Tena ni mazungumzo. Katika mji wa Cambridge iko pabu iitwayo Eagle. Mwaka 1953 bingwa mmoja wa sayansi, Francis Crick, aliingia humo wakati wa chakula cha mchana akawaambia waliokuwamo kwamba yeye na mwenzake wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la kile kinachomrithisha mtoto sura ya wazazi wake. Angeweza kuisema kwanza mahali pengine, lakini pale ndipo penye watu wa kusikiliza.

Turudi kwenye swali la pombe yenyewe. Bia ya zamani ya Waingereza ni bia hai. Hutiwa katika pipa ikiwa bado na hamira inayofanya kazi, ikatunzwa katika chumba cha chini chenye ubaridi. Pipa likifunguliwa, bia yafaa kwa siku chache tu, kisha huchacha. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilianza kuwauzia watu bia iliyochujwa hamira yote na kutiwa gesi. Hiyo haichachi upesi, lakini wapenzi wa bia ya kale waliiona imekufa. Mwaka 1971 watu wanne wakaanzisha chama cha kuitetea bia hai, kikakua kikawa na wanachama maelfu kwa maelfu.

Msikilizaji wa Ngara ataona mara moja kwamba hayo ni mambo ya rubisi. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi huiita urwagwa au urwarwa, lakini kazi ni moja. Ndizi za pombe zilizokomaa huvundikwa siku kadhaa mpaka ziive, wanga ugeuke sukari. Humenywa, zikakamuliwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao. Maji yake huchujwa, yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba. Siku ya pili pombe imekwisha kuamka. Baada ya siku mbili tatu huwa kali na chachu. Kwa hiyo haiwezi kusafiri mbali wala kulala ghalani. Lazima inywewe karibu na shamba, na watu wanaojuana.

Marehemu shangazi yangu, upande wa Rulenge, alikuwa mpika rubisi. Ada yangu ya shule ilitoka katika mtumbwi ule. Yeye mwenyewe alionja kwanza mbele ya wageni, wajue kwamba haina sumu. Mtu akianza ugomvi aliambiwa, "Baba, kalale, kesho utakuja." Na mwanamume ambaye mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada hakuuziwa hata kibuyu kimoja. Wengine walinuna, lakini juma lililofuata walirudi.

Sheria za namna hiyo hazikuwezekana katika viroba, vile vipakiti vya pombe kali ambavyo serikali ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Kijana alikinunua dukani, akakitia mfukoni, akanywa peke yake nyuma ya nyumba. Gongo nayo hunywewa kwa kificho, na anayeipika kwa siri hawezi kuonja mbele ya wageni. Kwa maoni yangu, kilabu chenye mzee wa kukemea ni afadhali kuliko kijana na chupa yake gizani.

Lakini rubisi ina adui mwingine, naye yuko shambani. Ni mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioonekana Uganda mwaka 2001, ukafika mkoa wetu wa Kagera mwaka 2006. Majani hunyauka na kuwa manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukikata ndani unaona usaha wa manjano. Aina fulani za ndizi za pombe hupatwa upesi kwa sababu wadudu huufuata utamu wa ua dume na kubeba ugonjwa. Basi mkungu ukimaliza kutoa chana la mwisho, vunja ua hilo kwa kijiti chenye panda. Usilikate kwa panga. Panga linalotoka shamba moja kwenda la pili, hata kwa kukata majani ya kufunikia pombe, huueneza ugonjwa. Lipitishe kwenye moto kwanza au lisafishwe kwa dawa ya kuulia vijidudu. Mgomba uliougua usiachwe umesimama.

Sasa mwenyekiti azime redio, na kikundi kijadiliane. Kilabu kipi kijijini kwenu kinapendwa kuliko vingine, na nani amekifanya hivyo? Ada za watoto wangapi hutoka katika rubisi? Na nani kati yenu ameazima panga la jirani juma hili? Mwandishi aandike majibu, ayalete kwa ofisa elimu wa kata kabla ya Ijumaa.