Simu ya Jobo Ikikata, Usinunue Ingine

Hakuna kitu inachoma ka kupigiwa na klayenti mkubwa, unashinda ukisema "haloo, haloo", na ofisi nzima inakucheki. Mdosi anaamua simu imekufa. Anataka ile mpya ya skrini ya kutachi, bei ya laptop. Manze, mshike mkono. Simu iko fiti. Ni ya VoIP, inapita kwa intaneti, so ngori iko kwa netiweki.

Anza na SIP. Hii protokali ndio makanga: inaita, inapanga nani na nani, inashusha. Ukipiga, simu yako inatuma INVITE. Ule upande unarudisha 180, ndio unaskia ikilia. Akishika, 200. Yako inajibu ACK, stori inaanza. Mkimaliza, BYE. Ukiona 486, msee yuko bize. 603? Umelengwa, kubali.

Sasa skiza hapa: SIP haibebi sauti. Hiyo ni wera ya protokali ingine, RTP, inapita na UDP kwa poti zake. SIP imezoea 5060. Ndio maana simu italia poa, itashikwa poa, alafu klayenti anakuskia na wewe huskii kitu. RTP imegonga NAT ya rauta ikapotelea hapo. Ingia kwa rauta, tafuta setingi ya SIP ALG, zima. Iliwekwa isaidie, ikageuka kuwa ndio mvurugaji.

Tukuje kwa kodeki, yaani njia ya kufinya sauti ipite kwa netiweki. G.711 ni sauti safi, lakini inakula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. G.729 inakula karibu 31, lakini sauti inakonda. Opus ya 2012 inajipanga kulingana na laini, na ni ya bure. Simu kumi za G.711 pamoja hazifiki megabiti moja kila upande. So wacha kudanganywa ununue intaneti ya mamilioni.

Ile sauti ya roboti? Hiyo ni jita. Sauti hukatwa vipande, kawaida pakiti 50 kwa sekunde. Zikifika zingine mbio zingine zikijivuta, maneno yanakatika. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inataka sauti ifike ndani ya milisekunde 150. Enzi za setilaiti, hapa Kenya ilikuwa ndoto: kupanda kilomita 36,000 na kushuka ni robo sekunde tayari. 2009 SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa, hiyo sababu ikaisha. Sahi mwenye anaharibu ni yule jamaa wa akaunti anadownload muvi saa nne asubuhi. Dawa ni QoS: simu zipewe VLAN yao, yaani njia yao pekee kwa netiweki, sauti ichapwe alama ya DSCP 46, ipite kwanza. Muvi ingoje.

Lazima kuna mzae atasema landline ya zamani ililia hata stima ikipotea. Tumeskia, mzae. Hiyo stima ilikuwa inatoka kwa exchange. Siku hizi inatoka kwa swichi ya PoE, waya moja inabeba data na pawa. Weka swichi, rauta na seva kwa UPS, simu italia kwa giza na mzae akose stori.

Aibu kubwa kuliko zote: ekstensheni 101, paswadi 101. Wezi wa mtandaoni wanaingia usiku, wanapiga namba za ng'ambo za bei, bili inakungoja asubuhi. Badilisha leo.

Na PBX, ule mtambo wa simu za ofisi, ya bei mbaya? Mpe mdosi 603. 1999 Mark Spencer alikosa doh ya mtambo wa simu, akaandika PBX yake ya programu, Asterisk. Mpaka leo ni ya bure, inakaa kwa kompyuta ya kawaida.

So usikuwe yule msee wa kugonga simu kwa meza. Shusha Wireshark, programu ya kuchungulia netiweki, pia ni ya bure, ufungue VoIP Calls, uone INVITE na BYE zikipita na macho yako. Hii ni wera ya ukweli na mtaani wenye wanaimanya ni wachache. Jifunze, jo, uwachaji.