Wasichana wanne na albamu yao ya kwanza

Huko Los Angeles, Marekani, kuna kikundi cha roki cha wasichana wanne, The Linda Lindas. Mila, mpiga ngoma, alikuwa mtoto wa shule ya msingi pale mwanafunzi mwenzake alipomwambia kwamba baba yake alimkataza kukaribia Wachina. Mila akajibu kwamba yeye ni Mchina. Kijana akarudi nyuma.

Mila na binamu yake Eloise wakatunga wimbo. Mwaka 2021 kikundi kiliuimba katika maktaba, video ikaenea. Aprili 2022 wakatoa albamu ya kwanza, Growing Up, iliyotayarishwa na baba yake Mila.

Sisi walimu tunaona: maneno ya nyumbani hufika darasani. Binti akirudi na uchungu kutoka masomo, tusimwambie anyamaze. Tumsikilize kwanza.