Chombo Kinachopanda Basi

Mtumbwi wa gogo haupandi basi. Uliochongwa Liuli utaozea Liuli, na anayetaka kuvulia Lituhi atafute mti mwingine. Ndiyo maana sisi wa Songea, mji wa mlimani ulio kilomita kama 170 za barabara kutoka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, tumezoea kuona kupiga kafi ni kazi ya wavuvi wa kule chini. Likizo zetu ni mpira, harusi na shamba.

Likizo yangu mimi naibeba mgongoni. Nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa mjini, naishi Bombambili, na chini ya kitanda changu kuna kayaki ya kujaza upepo isiyofika kilo 15. Niliuziwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kulipia mzigo wa ndege. Ikikunjwa inaingia kwenye begi, na kafi lake, lenye bapa huku na huku, linafunguka vipande vinne. Kila safari konda ananiuliza yaleyale.

"Mwalimu, hilo hema?"

"Mtumbwi."

"Haya, mtumbwi. Weka kwenye buti, ulipie."

Kutoka hapo ni Mbinga, kahawa na ngoro za Wamatengo, halafu kona za kushuka. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 474 tu. Masikio yanaziba na joto linaongezeka, kisha maji yanatokea chini yako, mapana, na siku nyingine huoni ng'ambo yake.

Kwa mama ni Liuli. Mjomba aliyenifundisha kafi nikiwa mtoto bado yuko, na siku nilipoijaza kayaki mbele yake aliizunguka, akaibonyeza kwa kidole, akasema, "Mwanangu, huu ni mfuko." Akaomba aende nao. Alipiga upande mmoja tu, kwa mazoea ya kafi lake la mti, na bado alikwenda mbali kuliko mimi. Aliporudi alitoa hukumu: "Chepesi mno. Upepo utakuchukua."

Hakukosea. Gogo zito likishashika mwendo linanyooka. Kayaki ya upepo, ukiacha kupiga, inazunguka kama ungo. Wepesi una gharama yake, na anayekuuzia kayaki hatakwambia.

Lakini tazama mtumbwi wa Nyasa ulivyo. Mdomo wake wa juu ni mwembamba kuliko tumbo. Fundi anachimba ndani na kuacha kingo zijikunje, ili wimbi likija limwagikie nje. Miguu ya mpigakafi inabanwa humo. Wainuiti wa Greenland, watu wa barafu wasio na mti wa kuchonga, walifika palepale kwa njia yao: fremu ya mbao zilizookotwa ufukweni, ngozi ya sili juu yake, na tundu dogo la kukalia. Ndiyo kayaki ya asili. Wao na wajomba zangu waliogopa kitu kimoja, maji kuingia, wakapata jibu moja, kufunika. Kilichowatenganisha ni uzito: Mwinuiti aliweza kubeba chake peke yake, na wa Liuli anaita watu wamsaidie kusukuma kwenye mchanga.

Wazungu nao iliwachukua muda kuithamini faida ya wepesi. Mwaka 1883 fundi J. Henry Rushton wa Canton, jimbo la New York, alimtengenezea mwandishi George Washington Sears mtumbwi wa mbao za mwerezi wenye urefu wa mita 2.7 na uzito usiofika kilo 5. Sears alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, mwili wake haukufika kilo 50, na kifua kilikuwa kikimsumbua. Alipita nao maziwa ya milima ya Adirondack, zaidi ya kilomita 400. Maji yakiisha anaubeba mpaka ziwa jingine, hana mtumishi wala kiongozi wa njia. Makala zake gazetini ziliwafanya watu wa kawaida waone kwamba safari ya majini si lazima iwe ya tajiri au ya mwenye misuli. Siku hizi kuna vyombo vya kujaza upepo vya kilo 3 hivi, na mtu anapanda navyo mlima kwa miguu ili ateremke na mto.

Hapa kwetu historia imeshatoa somo hilo. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, tunayoiona kutoka mjini. Mwaka 1861 David Livingstone aliuingia kutoka baharini na meli yake Pioneer, akitumaini utamfikisha Nyasa. Hakufika mbali, maji yalipungua akageuka. Mwaka uliofuata alirudi na mashua ndogo, na safari hii alipanda kilomita kama 250 kabla ya miamba kumzuia.

Wanafunzi wangu huuliza kama tunaweza kushuka Ruvuma kwa kayaki kutoka Songea hadi Mtwara. Ninawaambia hapana. Huku juu kiangazi ni mawe na maji ya kifundoni. Huko chini ni mamba na viboko, na mto wenyewe ni mpaka wa nchi. Mwaka 2010 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, mmoja wa wapigakafi hodari kabisa barani, alinyakuliwa na mamba kutoka kwenye kayaki yake katika mto Lukuga, mashariki mwa Kongo. Wenzake wawili walikuwa karibu naye, hawakuweza kitu.

Ziwa ni afadhali, ukiliheshimu. Mamba wako zaidi kwenye midomo ya mito, kama Ruhuhu, na huko sipiti. Adui mkubwa ni upepo wa kusini, hasa Mei hadi Agosti. Ziwa limelala kusini-kaskazini, kwa hiyo unapovuma unakuwa umeshatembea juu ya maji kama kilomita 300 bila kizuizi kabla ya kutufikia, ukikuza mawimbi njia nzima. Nasafiri Septemba hadi Novemba, natoka alfajiri, nafuata ufukwe kwa umbali ninaoweza kuuogelea, na saa nne nipo mchangani nanunua dagaa. Jaketi okozi silivui. Nikirudi mjini napima kichocho.

Faida ya polepole hiyo ni kuona. Mwamba wa Liuli, uliowafanya Wajerumani wapaite Sphinxhafen, unautazama kwa chini. Hapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu, na nahodha wa meli hiyo, Berndt, asiyejua kwamba vita imeanza, akaingia kwenye kimashua kwenda kumfokea rafiki yake wa kinywaji, Rhoades, nahodha wa Gwendolen. Akatekwa.

Ng'ambo, Malawi, wageni wanalipa kupiga kafi kutoka Cape Maclear hadi visiwa vya Domwe na Mumbo. Jinja nchini Uganda, vijana waliokulia kando ya Nile ndio wanaofundisha wageni kayaki kwenye maporomoko. Hata Momella, Arusha, watalii wanapiga kafi. Wilaya ya Nyasa ina fukwe, ina lami mpaka Mbamba Bay, na ina vijana waliojua kafi kabla ya kujua kusoma. Kayaki haili petroli wala haihitaji gati. Wanaopanga utalii wa ziwa hili waache kwanza kuota boti za kifahari: wanunue kayaki chache imara, jaketi okozi kwa kila kichwa, na wawaajiri vijana wa Liuli na Mbamba Bay kuwa viongozi wa safari.