Je, Wajua? Galore, "tele" ya Waingereza, ina asili ya Kiairishi

Kiingereza kina desturi ya kutanguliza sifa mbele ya nomino. Lakini neno la mitaani galore, lenye maana ya "tele", linakaidi: hukaa nyuma, kama sisi tunavyosema samaki tele, maembe tele.

Ukaidi huo limetoka nao kwao. Liliingia kwenye Kiingereza karne ya 17 kutoka Kiairishi, ambako husemwa go leor. Wagaeli wa Scotland husema gu leòr. Leor ni "-a kutosha". Na hiyo go? Inafanya kazi ya vi- yetu: maith ni "-ema", go maith ni "vyema". Kwa hiyo go leor kwa asili ni "kwa kutosha" tu. Waairishi wenyewe ndio walioanza kuitumia kwa maana ya wingi. Si ajabu. Mwenye shughuli akikwambia pilau ipo ya kutosha, ujue utabeba na ya nyumbani.

Lililolipa neno hili umaarufu ni ajali ya meli. Tarehe 5 Februari 1941, SS Politician, iliyotoka Liverpool kwenda Jamaica na Marekani, ilipanda mwamba karibu na Eriskay, kisiwa cha Wagaeli magharibi mwa Scotland. Mabaharia waliokolewa. Shehena ilikuwa na chupa za wiski zipatazo 264,000, na Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekiadimisha kinywaji hicho visiwani kote. Wanakijiji wakaiendea meli usiku kwa mashua. Kwao kuchukua kilichoachwa na bahari si wizi. Watu wa forodha hawakukubaliana nao: nyumba zikapekuliwa, chupa zikafukiwa mchangani, na wengine wakaishia jela.

Mwandishi Compton Mackenzie, aliyeishi Barra, kisiwa jirani, alikigeuza kisa hicho kuwa riwaya ya kuchekesha, Whisky Galore, mwaka 1947. Filamu yake ilitoka 1949. Marekani haikuruhusu jina la pombe kwenye kichwa cha filamu, ikabidi iitwe Tight Little Island. Wafaransa hawakuwa na shida hiyo. Waliiita Whisky à gogo, na hiyo à gogo nayo ni "tele", nayo hukaa nyuma.