KUTUNZA MAJI NYUMBANI NA SHAMBANI

Wababa na wamama, maji yanapopungua nyumbani, ama kwa sababu ya kiangazi ama kwa sababu bomba limekauka, kila mtu anaanza kuyatunza. Neno hili ni jema. Lakini tazameni wanaanza wapi. Maji ya kufulia yanamwagwa uani kama zamani. Bido lenye ufa linavuja kama zamani. Kitu cha kwanza kuachwa ni kunawa mikono. Mama anasema, "Maji ni machache, mtanawa kesho," na watoto waliotoka chooni wanatia mikono katika bugali pamoja na ndugu zao. Siku chache zikipita tunawapokea hospitalini wakihara, macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta inakawia kurudi.

Mambo haya yamehesabiwa. Huko Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, wachunguzi walitazama miaka ya 2009 mpaka 2014. Waliandika siku ambazo mashine ya maji ya mji ilisimama, wakalinganisha na hesabu ya wagonjwa walioingia hospitalini kwa ugonjwa wa namna ya kolera. Waliona ya kama mashine ikisimama siku nzima, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa walizidi zaidi ya mara mbili. Sababu gani? Watu wakikosa bomba huchota ziwani, na tena hunawa kidogo. Njia zote mbili za ugonjwa zinafunguka pamoja.

Kwa hiyo maji ya mikono ni ya mwisho kupunguzwa. Tutafute mahali pengine pa kupunguza.

Kwanza hesabuni. Wenye kusaidia watu wakati wa taabu husema mtu mmoja apate angalau litri 15 kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Jamaa ya watu saba itahitaji litri 105, ndiyo mabido matano ya litri 20 na kidogo juu yake. Nyumba nyingi zinapata mawili ama matatu. Na kila bido lina uzito wa kilo 20 mgongoni mwa mama ama mwa mtoto wa shule, isipokuwa wenye feza za kulipa kijana wa chukudu. Maji yaliyochukuliwa kwa jasho namna hii hayafai kupotea kwa kuvuja.

Kunawa kwenyewe hakutaki maji mengi, kama chombo ni kizuri. Twaa bido dogo la litri 5 lililokuwa na mafuta, ulioshe sana kwa sabuni. Pasha msumari moto, utoboe tundu dogo upande wa mbele, chini kidogo ya mdomo. Pitisha fimbo katika mkono wa bido, uiweke juu ya miti miwili yenye panda. Funga kamba katika shingo ya bido, na mwisho wake ufungwe kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, bido linainama na maji yanatoka kidogo kidogo; ukiondoa mguu yanakoma. Mtu ananawa mikono yote miwili kwa maji yasiyofika nusu ya kikombe, wala hashiki bido kwa mikono michafu. Sabuni itundikwe hapo kwa kamba. Sabuni ikikosekana, majivu ya jikoni yafaa. Weka chombo hiki karibu na choo, na kingine karibu na jiko. Watoto wanapenda kukikanyaga. Siku za kwanza watamwaga maji kwa mchezo, lakini mchezo ule utaisha.

Sasa maji ya mvua. Watu wa Goma wanajua taabu kuliko wengine. Mji wote umekaa juu ya mawe ya mlima wa moto Nyiragongo, uliomwaga moto mwaka 1977, na 2002, na 2021. Mvua ni nyingi kule, lakini inapita katikati ya mawe na kupotea, wala hakuna mto mjini. Basi watu wanashuka ziwani Kivu na bido, na manjanja ya nyumba zao yanamwaga maji bure mbele ya mlango!

Hesabu ya paa ni nyepesi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya manjanja yenye mita moja kwa mita moja, inatoa litri moja. Nyumba ya mita 6 kwa 5 ina mita 30. Mvua nzuri ya milimita 10 itatoa litri 300. Hata kama sehemu inarukia nje, utapata mabido zaidi ya kumi pasipo kutembea hatua moja. Na paa la kanisa je? Kanisa lenye mita 20 kwa 10 litatoa litri 2000 kwa mvua ileile. Mashemasi wetu wanasumbuka sana juu ya rangi ya ukuta. Wangefanya vema kununua kwanza mfereji wa paa na pipa kubwa, na kuweka mtu wa kugawanya maji pasipo upendeleo.

Mvua ya kwanza iachwe ipite, maana inaosha mavumbi na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe vizuri, na mdomo wake uwekwe kitambaa chepesi, kwa sababu mbu akitaga mayai katika maji yaliyo wazi, baada ya juma moja hivi mbu wapya wanaruka nyumbani mwako. Maji ya kunywa yachemshwe, ama yatiwe dawa ya klori na kungoja nusu saa. Lakini wanaokaa chini ya Nyiragongo na Nyamulagira wasikie neno lingine: moshi na majivu ya milima ile yanatia fluori katika maji ya mvua. Ikizidi, meno ya watoto yanaota na madoa ya kahawia, wala kuchemsha hakuiondoi. Moshi ukielekea kwenu, maji ya paa yawe ya kufua, ya kuosha nyumba na ya shamba.

Maji yaliyotumika yafanye kazi ya pili. Maji ya mwisho ya kusuuza nguo yawekwe kwa kufulia kesho, ama yasugulie choo. Maji ya kuoshea mboga yapewe migomba. Chimba shimo la upana wa mita moja na kina cha nusu mita, ulijaze majani na taka za jikoni, upande migomba kuzunguka. Maji ya kuogea yaelekezwe humo, hayatasimama uani kuwa matope. Lakini maji ya nepi za mtoto na ya nguo za mgonjwa yaende chooni tu. Yasiguse lengalenga wala mboga yo yote.

Katika bustani nywesheni jioni ama alfajiri, penye shina, si juu ya majani. Funikeni udongo kwa majani makavu na maganda ya maharagi, jua lisiukaushe. Kwenye vilima, kama kule Masisi, mifereji ichimbwe kukata mteremko, na matete yapandwe ukingoni. Wazee wametusimulia jinsi Wabeleji walivyowachimbisha mifereji hii kwa nguvu, na jinsi watu wengi walivyoiacha baada ya uhuru wa mwaka 1960. Hasira yao ilikuwa na sababu. Lakini mfereji haukuwakosea. Unazuia maji yasikimbie pamoja na udongo mzuri.

Mwisho, kila nyumba iwe na bido moja lisiloguswa. Lijazwe maji yenye dawa, lifungwe, libadilishwe kila siku, na ya jana yatumike nyumbani. Hilo ni la ugonjwa wa usiku. Mgonjwa wa kolera kali anaweza kupoteza litri moja kwa saa moja, wala hakuna nafasi ya kwenda ziwani gizani. Katika litri moja ya maji safi tia vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe, ukoroge. Mpe kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika 10 umpe tena. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Mkiona kuhara kama maji ya mchele, msingoje asubuhi. Mleteni hospitalini usiku ule ule, mkimnywesha njiani.