Ukialikwa kuonja bia nyeusi, acha gari nyumbani

Je, umewahi kumwona mtu mzima aliyezidiwa na chupa mbili ndogo za bia huku akiapa kwamba bado hajaanza kunywa? Mimi nimemwona. Alikuwa mjomba wangu, na funguo za gari zilikuwa mfukoni mwake.

Ilikuwa Jumapili, siku ya wanafunzi wa shule za bweni kurejea shuleni baada ya mapumziko ya katikati ya muhula. Binamu yangu alikuwa amewasili kutoka California, ambako amefanya kazi kwa miaka mingi, na jamaa walikuwa wamekusanyika kwangu Buruburu kumlaki. Mjomba alikuja na mkewe pamoja na kitindamimba wao, mvulana wa shule ya upili, akiwa tayari amevaa sare. Sanduku lake la bati lilikuwa kwenye buti ya gari. Mpango ulikuwa tule kwanza, kisha mjomba amfikishe mtoto shuleni, nje kidogo ya mji wa Thika, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Binamu hakuja mikono mitupu. Kina mama walipata manukato, watoto wakapata viatu, na sisi wengine tukapata chupa nne za bia, ambazo alizisafirisha zikiwa zimevishwa soksi ili zisipasuke ndani ya sanduku.

Bia yenyewe huitwa Old Rasputin. Hutengenezwa na kampuni ya North Coast, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika mji mdogo wa Fort Bragg, ufuoni mwa Bahari ya Pasifiki. Kwenye kibandiko pana picha ya mtu mwenye ndevu ndefu na macho ya kutisha. Huyo ni Rasputin, Mrusi aliyesifika kuwa mponyaji katika jumba la mfalme wa mwisho wa Urusi, hadi alipouawa mwaka 1916.

"Huyu ni mganga?" mjomba aliuliza. Hakuwa mbali sana na ukweli.

Aliigeuzageuza chupa, akaona ni ya mililita 355 tu, akacheka. "Hii ni ya watoto," akasema. Akaifungua na kuinywa jinsi anywavyo Tusker yake kila Jumamosi, kwa mafunda makubwa manne matano. Ya pili ikafuata kabla nyama haijaiva.

Mimi nilikuwa nimeonywa mapema. Binamu nami tuligawana chupa moja, na acha nikueleze tulichokikuta ndani yake.

Bia hii haimiminiki kama ile tuliyoizoea. Hushuka polepole, nzito, karibu kama oili iliyokwisha kutumika kwenye injini. Ukiinua gilasi dirishani, huoni mwanga upande wa pili. Povu lake nalo si jeupe. Lina rangi ya kahawia, mithili ya maziwa yaliyotiwa kakao.

Usikimbilie kunywa. Sogeza pua kwanza. Utasikia harufu ya kahawa iliyotoka kukaangwa, ya sukari guru, na ya ule ukoko wa ugali unaobaki sufuriani ukikaribia kuungua. Kisha onja kidogo, kiasi cha kulowesha ulimi, uzungushe mdomoni kabla ya kumeza. Utamu ndio hutangulia. Nyuma yake huja uchungu, tena si wa aina moja. Kuna uchungu wa nafaka iliyokaangwa, ambao utautambua mara moja ikiwa umewahi kunywa kahawa chungu kwa kashata kule Mji wa Kale, Mombasa. Halafu kuna uchungu mwingine unaong'ang'ania nyuma ya ulimi, kana kwamba umetafuna ganda la balungi. Mwisho kabisa, ukishameza, kifua hupata joto.

Joto hilo ndilo onyo. Anayekunywa kwa pupa halisikii mpaka limeshafika kichwani.

Nakiri kwamba funda la kwanza sikulipenda. La pili lilinikunjisha uso. La tatu nikaanza kuelewa kwa nini watu huvuka bahari na chupa hizi ndani ya soksi.

Jambo jingine lilinifurahisha. Unajua jinsi mhudumu wa baa zetu anavyouliza, "Moto au baridi?" Vijana wa mjini huwacheka wazee wanaotaka ya moto, yaani isiyotiwa kwenye friji. Basi kwa bia hii wazee wamepata pa kuegemea. Baridi kali huua ladha yake yote ikabaki uchungu mtupu. Itoe kwenye friji mapema, ikae mezani kama nusu saa, iwe ya ubaridi wa asubuhi ya Limuru, wala si wa barafu. Na nyama choma ya mbuzi ikiwapo, afadhali zaidi, kwa sababu ule uchungu hukata mafuta.

Weusi wake unatoka wapi? Shayiri hulowekwa ikachipua, kisha ikakaushwa na kuwa kimea. Sehemu ndogo ya kimea hicho hukaangwa mpaka kikawa cheusi kama kahawa. Mwingereza Daniel Wheeler ndiye aliyepata hataza ya pipa la kukaangia kimea mwaka 1817, na tangu hapo watengenezaji wakaweza kupata bia nyeusi kwa kutumia kimea cheusi kidogo tu. Wenzetu wa Magharibi mwa Kenya hawatashangaa. Anayepika busaa hukaanga unga uliochachuka juu ya bati kabla ya kuuchanganya na kimea cha wimbi, na harufu ya bati lile moto haiko mbali sana na ya gilasi niliyokuwa nimeishika.

Lakini hapa ndipo wengi hupotea. Rangi ya bia haikuelezi lolote kuhusu nguvu zake. Guinness ya pipa inayouzwa Dublin ni nyeusi tititi, ilhali kiwango chake cha pombe ni asilimia 4.2, sawasawa na Tusker yenye rangi ya dhahabu. Nguvu hutokana na wingi wa sukari inayokamuliwa kutoka kwenye kimea, ambayo hamira huila na kuigeuza kuwa pombe. Anayetaka bia kali hutumia nafaka nyingi kwa maji yale yale. Old Rasputin ni asilimia 9.

Nafaka ikizidi, bia huwa na utamu wa kuchosha. Ndiyo maana hutiwa hopsi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, yenye umbo la koni ndogo za kijani, na ndani yake mna ungaunga wa manjano unaotoa uchungu ukichemshwa. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na bangi, lakini usiite polisi, kwa kuwa hauna ile dawa inayolevya. Mbali na uchungu, hopsi huzuia vijidudu vinavyochachusha bia. Watengenezaji hupima uchungu kwa vipimo maalumu: bia nyingi za rangi ya dhahabu huwa kati ya 10 na 20, ilhali ile ya binamu ilikuwa na 75.

Bia ya namna hii haikuzaliwa Marekani. Katika karne ya 18 wachukuzi wa mizigo wa London walipenda bia nyeusi iliyokuja kuitwa porter, yaani mchukuzi, na iliyokuwa kali zaidi ikaitwa stout. Kiwanda cha Henry Thrale, kilichokuwa mtaa wa Southwark, kilipeleka ile kali kabisa hadi Urusi, na jumba la malkia Catherine likawa miongoni mwa wateja. Thrale alipofariki mwaka 1781, kiwanda kiliuzwa kwa pauni 135,000, fedha za kutisha kwa wakati ule. Bia hiyo iliendelea kupikwa chini ya wamiliki mbalimbali, ikaachwa mwaka 1993 kwa kukosa wanywaji, kisha ikarejeshwa mwaka 2011.

Wakati Waingereza wakiisahau, Wamarekani walikuwa wakiiokota. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu raia kujitengenezea bia nyumbani bila kutozwa kodi. Waliojifunza jikoni wakafungua viwanda vidogo, na viwanda hivyo vikaanza kushindana kwa ladha badala ya bei. Nairobi nayo imepata viwanda vidogo vya aina hiyo katika miaka ya karibuni, kwa hivyo huhitaji binamu wa ng'ambo ili ukutane na bia inayozidi asilimia 6 au 7.

Basi turudi Buruburu. Saa tisa mchana mjomba alikuwa amemaliza chupa zake mbili na kuzilaza kando ya kiti. Alikuwa mchangamfu, macho maangavu, hadithi moja baada ya nyingine. Shangazi naye alikuwa amesikia kwamba bia nyeusi "huongeza damu", akataka mkaza mwanawe aliyejifungua juzi apewe gilasi. Imani hii imekita mizizi katika nyumba nyingi nchini. Haina msingi. Madini ya chuma yaliyomo katika bia nyeusi ni machache mno, na mama anayenyonyesha hupitisha pombe kwenye maziwa. Damu hutafutwa kwenye maini, maharagwe na mboga za kijani. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, nami sioni kwa nini tuanze kukitafuta kwa kitoto kichanga.

Saa tisa na nusu mjomba aliinuka. "Haya kijana, twende," akasema, akajipapasa mfukoni.

Mkewe hakupaza sauti. Aliinama akaokota chupa moja, akasoma kibandiko, akanikabidhi. "Wewe umesoma. Hebu tupigie hesabu."

Nikapiga, tena kwa sauti, kwa kuwa chumba kizima kilikuwa kimenyamaza. Chupa moja ya mililita 355 yenye asilimia 9 ina takriban mililita 32 za pombe halisi. Tusker ya nusu lita, kwa asilimia 4.2, ina mililita 21. Chupa mbili za "watoto" ni sawa na Tusker tatu kubwa, na mjomba alikuwa amezinywa kwa muda usiotimu saa moja, tena kabla ya kula. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban mililita 10 za pombe halisi kwa saa. Kahawa haiharakishi, wala maji baridi kichwani. Hadi saa mbili usiku mjomba angekuwa bado anabeba sehemu ya Rasputin mwilini.

"Mimi sijalewa," mjomba akasema. Na kwa kweli hakuyumba, wala ulimi haukuwa mzito. Akaongeza kwamba anajua njia za kupitia ambako polisi wa Alcoblow hawakai. Vifaa hivyo vya kupuliza vimewatia tumbo joto madereva wetu tangu Desemba 2013, na kila mnywaji ana ramani yake kichwani.

"Polisi siwawazi," mkewe akamjibu. "Namuwaza huyu." Mvulana alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia begi lake, macho chini.

Nilitaka kujitolea kuendesha, lakini sina gari wala leseni, na isitoshe nusu ya chupa ilikuwa tumboni mwangu. Binamu alikuwa na nusu nyingine. Nyumba nzima ya watu wazima, na hakuna dereva. Hapo ndipo nilipoona aibu kidogo. Tulikuwa tumeisifu bia ile kwa saa nzima, harufu yake na historia yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia mjomba neno moja kuhusu nguvu zake. Mimi nilionywa, naye nilimwacha anywe.

Mjomba alisimama kwa muda, kisha akatoa funguo na kuziweka juu ya televisheni, bila kumtazama mtu. Sanduku la bati likatolewa kwenye buti. Mama na mwana wakapanda matatu hadi mjini, wakapanda nyingine ya Thika, sanduku likilipiwa kama abiria. Walifika langoni dakika chache baada ya muda uliowekwa, na mvulana akaandikwa miongoni mwa waliochelewa.

Ukialikwa kwenye meza kama hiyo, soma asilimia kwenye kibandiko kabla ya kuuliza bei, gawaneni chupa moja watu wawili, na dereva ajulikane kabla ya kizibo cha kwanza kufunguliwa. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hahusiki, maana sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza auziwe.

Mjomba alilala kwenye kochi langu hadi usiku. Siku tatu baadaye alinipigia simu. Hakuitaja safari ya Thika. Aliuliza tu kama ile chupa ya nne bado ipo.

Nikamjibu kwamba ipo, nimeificha kabatini mahali penye giza, kwa kuwa bia kali namna ile ikitunzwa vizuri huzidi kukomaa kwa miaka. Nimebandika karatasi yenye tarehe ya kuifungua, Krismasi ijayo.

Akanyamaza kidogo. "Sawa," akasema. "Nitakuja na matatu."