Kabla hujachimba ukingoni mwa mto, uliza nani anaishi humo

UKISHUKA Kidahwe, pale njia inapogawanyika, moja kwenda Kasulu na nyingine Uvinza, ni rahisi kuona jinsi ardhi ilivyopanda thamani. Barabara ni ya lami, na hapo ndipo unapotarajiwa kufika umeme wa maporomoko ya Igamba ya mto Malagarasi, kwa njia ya kilovolti 132 yenye urefu wa kilometa 54 hivi. Mwenye shamba kando ya maji sasa anawaza bwawa la samaki, pampu ya kumwagilia mpunga au kiwanda kidogo cha mawese.

Lakini mradi wa Igamba wenyewe una historia ambayo mwenye mtaji mdogo anapaswa kuifahamu.

Februari 2008, Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia shirika la MCC. Katika fedha hizo, Kigoma ilitengewa kituo kidogo cha umeme wa maji palepale Igamba. Mkoa ulikuwa ukitegemea majenereta ya dizeli, hivyo furaha ilikuwa kubwa. Wataalamu walipokwenda kuchunguza mto, walikuta samaki na konokono adimu ambao wangehatarishwa na ujenzi mahali pale. Mradi ukaondolewa kwenye mkataba, na Kigoma ikapata badala yake umeme wa jua kwa ajili ya shule za sekondari, zahanati na masoko.

Kwa nini Malagarasi uwe na viumbe wa namna hiyo? Mto huu ni wa kale kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe. Zamani maji yake yalielekea Kongo, kabla bonde la ufa halijapasuka na kuyakata. Ndiyo maana hadi leo una samaki ambao jamaa zao wako mto Kongo, ng'ambo ya ziwa. Wengine ni wadogo, wanajishikiza kwenye mawe ya maporomoko, na ukiyatuliza maji hayo hawana pa kuhamia. Juu zaidi kuna ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2000, ya kwanza nchini.

Igamba ilirudi baadaye. Novemba 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo wa kituo kikubwa zaidi, cha megawati 49.5. Ila miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita.

Uchunguzi ukichelewa, gharama huwa kubwa zaidi. Vyura wa Kihansi wanajulikana; wengi tuliwacheka wakati ule. Chura huyo, mwenye urefu usiozidi sentimeta tatu na anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 wakati ujenzi wa bwawa unaendelea. Makazi yake yote duniani yalikuwa eneo dogo linalolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia korongo, na mwaka 2000 vyura karibu 500 wakasafirishwa kwa ndege kwenda Marekani. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Kurejeshwa korongoni kulianza 2012. Hesabu ya gharama hizo zote haikuwamo kwenye mpango wa awali wa bwawa.

Sasa hili linamhusu vipi mwenye ekari tatu kando ya Luiche?

Linamhusu kwanza kwa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wapo wanaopima mita hizo wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamekwenda mbali, kisha wanashangaa masika yakija. Pima kwa ukingo wa mafuriko, usijidanganye.

Kabla hujakopa, anzia kwa afisa mazingira wa halmashauri. Yeye atakueleza kama mradi wako unahitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira au maelezo mafupi tu. Tathmini hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa, siyo kijana yeyote mwenye kompyuta ndogo. Ukitaka kuchepusha au kusukuma maji, kuna kibali kingine, cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi yake iko mjini Kigoma.

Mtaalamu akija, mwulize atakuja mara ngapi. Anayefika siku moja ya Agosti hataona samaki wanaopanda mto kutaga wakati wa mvua, wala ndege wanaojenga viota kwenye matete. Mpeleke kwa wavuvi wa zamani; wao hujua ni dimbwi gani lina vifaranga na ni mwezi gani. Mwambie pia aangalie udongo utakaochimbwa utakwenda wapi. Tope la shambani huishia ziwani, huko likifunika mawe ambako samaki wa ufukweni hula na kuzaliana, na wateja wako wa mawese ndio haohao wavuvi.

Jambo la mwisho ni ratiba. Ukitaka kuchimba Juni, uchunguzi uanze kabla ya mvua za Novemba zilizotangulia, ili mto uonekane umejaa na umepungua. Benki ikikuuliza kwa nini unachelewa, waonyeshe barua ya afisa mazingira.